Uhakiki: Kiswahili cha Programu za Kompyuta na Majina ya Gitting

Karani anayeandika barua ya kata kwa kompyuta huanza, kama walivyoanza makarani wa zamani, kwa anwani. Huandika: Kata ya Gitting, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Kabla hajafika kwenye tarehe, mstari mwekundu wenye mawimbi umekwisha kutokea chini ya neno Gitting. Ikiwa programu yake imewekewa kamusi ya Kiingereza, karibu kila neno la barua hiyo litapigwa mstari, na karani atazoea kutoutazama, kama mtu akaaye jirani na mashine ya kusaga anavyozoea kelele zake. Akiiuliza programu ni neno gani lifaalo mahali pa Gitting, ataletewa maneno ya Kiingereza yaliyo mbali nalo kwa herufi moja tu: la kupata, la kuketi, la kupiga. Ikiwa amewekewa kamusi ya Kiswahili mambo huwa afadhali, ila jina la kata yake lingali kosa.

Mstari huo wastahili uhakiki kuliko majina ya vifaa, ambayo yamekwisha kubishaniwa mpaka wasemaji wamechoka. Tangu Kiswahili kiingie katika kompyuta, nguvu nyingi za wataalamu zimetumika kuamua kifaa chenyewe kiitwe kompyuta, au tarakilishi, au ngamizi. Ubao wa herufi uitwe kibodi, kicharazio au baobonye. Na kile kinachoshikwa mkononi kiwe kipanya au puku. Mabishano hayo yana utamu wake, wala hayakosi faida. Lakini mtumiaji hashindwi kazi yake kwa sababu kipanya kimeitwa puku. Hushindwa pale programu inaposema naye sentensi asiyoielewa, au inapomwambia kwamba jina la kijiji chake ni kosa.

Gitting yafaa kuwa mizani ya jambo hili kwa sababu ya mahali ilipo. Hanang ni nchi ya nyanda za juu chini ya mlima wenye jina hilohilo, ambao kilele chake chapita mita 3,400. Na wilaya hiyo pamoja na Mbulu zimo katika Mkoa wa Manyara uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wenyeji wengi husema Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, na wengine Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Wasemaji wa lugha za Kibantu wako jirani, na Wahadza na Wasandawe hawako mbali. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote shuleni, ofisini, sokoni na katika nyumba za ibada. Basi barua ya Kiswahili iandikwayo Hanang haina budi kubeba majina ambayo hayakuzaliwa katika Kiswahili: Masqaroda, Hirbadaw, Endasiwold, Gidahababieg, Measkron, Mulbadaw. Hakuna hata moja linalotii kanuni ya Kiswahili kwamba silabi huishia kwa irabu, na jingine lina herufi ambayo alfabeti ya Kiswahili haiijui. Hata hivyo ni majina ya kata za Tanzania, yaliyomo katika daftari za serikali, na mtu akiyakosea amekosea.

Tena si majina ya mahali peke yake. Jina Tluway, ambalo kwa Kiiraqw ni mvua, huanza kwa sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili. Mwandishi aliyekulia pwani huisikia kama t, au k, au huipachika irabu katikati ili ulimi upate pa kukanyaga. Zamani kosa kama hilo lilibaki katika daftari moja. Leo jina la mtu husafiri kutoka cheti cha kuzaliwa hadi kitambulisho cha taifa, kutoka hapo hadi laini ya simu, ambayo tangu mwaka 2019 husajiliwa kwa alama za vidole zikilinganishwa na kitambulisho hicho, na kutoka laini hadi fedha zilizomo ndani yake. Kompyuta hailinganishi majina kwa sikio, hulinganisha herufi kwa herufi. Herufi moja iliyosahihishwa na programu yenye bidii, na ambayo karani mwenye foleni mlangoni hakuiona, yaweza kumfanya mtu mmoja kuwa watu wawili.

Wasomaji wa kurasa kama hizi wajua kwamba tahajia ya Kiswahili haikuota yenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kwa miaka mingi kitabu cha shule hakikupita bila Kamati kukikagua na kukitia idhini yake. Wengi waliilalamikia, na pengine kwa haki, kwa kuwa ilikuwa na wageni wengi na wenye lugha wachache. Lakini ilikuwa na sifa moja: ilijulikana. Maamuzi yake yalichapishwa, mtu aliweza kuyasoma na kuyapinga kwa barua, na mara nyingine akajibiwa.

Kisahihisha tahajia kilichomo ndani ya kompyuta kimeirithi kazi ya Kamati hiyo bila kuitwa Kamati. Chakagua kila neno, si la kitabu cha shule tu, bali la barua ya mapenzi, la muhtasari wa kikao na la tangazo la mnada wa ng'ombe. Chatoa hukumu papo hapo, kwa rangi nyekundu. Nani aliyechagua maneno yake? Karani wa Gitting hajui, na katika programu nyingi hapana ukurasa unaomwambia.

Walakini haki yataka isemwe kwamba wako watu waliofanya kazi hiyo kwa juhudi kubwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 na kwa msaada wa fedha wa shirika la Sida, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyopewa jina la Jambo OpenOffice, katika mradi uliojulikana kama Kilinux. Orodha ya maneno kwa ajili ya kisahihishi ilikusanywa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa, katika miaka iyo hiyo, vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Kabla ya hao wote, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kufundishwa kuchambua neno la Kiswahili kwa kanuni badala ya kulikariri.

Tofauti ya njia hizi mbili, kukariri na kuchambua, ndiyo kiini cha uhakiki wowote wa visahihishi vya Kiswahili. Kwa Kiingereza orodha yatosha, au yakaribia kutosha, kwa kuwa kitenzi kina maumbo machache: manne, matano, basi. Kwa Kiswahili hesabu ni nyingine kabisa. Chukua shina moja, andik-. Weka mbele yake viambishi vya nafsi na ngeli vilivyo tofauti kwa umbo: ni, u, a, tu, m, wa, i, ki, vi, li, ya, zi, ku, pa, mu, navyo ni 15. Fuatisha alama za nyakati na hali, tuseme nane tu: na, li, ta, me, ka, ki, nge, ngali. Kisha yambwa: ni, ku, m, tu, wa, u, i, ki, vi, li, ya, zi, pa, ambazo ni 13, pamoja na nafasi iliyoachwa tupu. 15 kwa 8 kwa 14 ni 1,680. Hata yakitolewa yale yasiyoweza kusemwa, yaliyobaki ni mengi mno. Na bado hazijaguswa kauli za kutendea, kutendwa, kutendesha na kutendana, wala ukanushi, wala virejeshi, ambavyo kila kimoja chazidisha hesabu upya. Mwenye kuorodhesha maneno kutoka vitabu na magazeti atapata alimwandikia, atakosa tungalimwandikia. Atapata kilichoandikwa, atakosa mlichokiandikia. Matokeo yake ni kwamba kisahihishi cha orodha huwa kikali kwa mtu anayeijua lugha vizuri na kipole kwa anayeijua kidogo. Anayeandika sentensi fupi za maumbo ya kila siku hapigwi mstari. Mzee atumiaye Kiswahili kilichokomaa hupigwa kila mstari wa tatu. Kwa chombo cha kusahihisha, hiyo ni kasoro kubwa.

Liko na suala la ritifaa, alama ndogo ambayo watu wa Hanang hawawezi kuishi bila ya kuiandika, kwa kuwa hapana siku ipitayo pasipo kutajwa ng'ombe. Programu nyingi huichukua alama hiyo kuwa ya kufunga maneno yaliyonukuliwa. Zikikuta ng'ombe, zile zisizo na kanuni ya Kiswahili hukata neno vipande viwili na kuhukumu kila kipande peke yake. Kwa mwandishi wa Kiiraqw mambo huzidi. Nne kwa lugha hiyo ni tsiyahh, na tano ni koo'an: hilo la pili lina kituo cha kooni katikati ya neno, nacho huandikwa kwa ritifaa. Tena wanaisimu walioiandika lugha hiyo kwa uangalifu, akiwamo Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993, na baadaye Mous huyo pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling katika kamusi ya mwaka 2002, hutumia mkwaju kuwa herufi kamili, ishara ya sauti ya koromeo iliyo sawa na ayn ya Kiarabu. Uamuzi huo ulifaa sana siku za taipureta, kwa kuwa kila taipureta ilikuwa na mkwaju. Katika kompyuta ni balaa. Mkwaju ndio unaotenga folda na folda. Windows hairuhusu uwemo katika jina la faili, na mifumo ya jamii ya Linux huuchukua kuwa njia ya kuingilia mahali pengine. Mwanafunzi anayetaka kuhifadhi hadithi ya bibi yake kwa jina lake la Kiiraqw atakataliwa na mashine kwa sababu ya herufi moja, wala mashine haitamwambia kwamba ile ni herufi. Dawa ipo. Mfumo wa Unicode una alama za koo na koromeo zilizohesabiwa kuwa herufi hasa, si vituo vya uandishi. Kinachokosekana ni kibodi ya kuziandika kwa urahisi, na uamuzi wa pamoja wa wenye lugha.

Msamiati waweza kupitiwa kwa haraka. Katika maneno yaliyoundwa, yaliyofaulu ni yale yenye picha ndani yake. Barua pepe ilishinda mapema, kwa kuwa barua ilijulikana na upepo ulijulikana. Tovuti na mtandao vimekubalika. Kata, nakili na bandika ni tafsiri njema sana: mtu aliyewahi kubandika tangazo ukutani hahitaji kufundishwa. Umbizo ni dhaifu zaidi, kwa kuwa jina la namna hiyo huomba kitenzi, na kitenzi umbiza hakisikiki kwa watu. Mpangilio ungefanya kazi ileile bila jasho. Nywila yafanana na neno la mganga, na watu wameendelea kusema neno la siri. Hifadhi ni neno zuri lenye bahati mbaya ya kijiografia: kwa mtu wa Manyara hifadhi ni pale tembo wanapolindwa na mchungaji anapofukuzwa na mifugo yake. Pengine ndiyo sababu katika maduka ya steshenari watu husevu, wala hawahifadhi.

Neno moja tu lahitaji kusimamiwa kwa muda, nalo ni chapisha. Kitabu huchapishwa, maana yake hutolewa kwa umma. Programu za kuandikia zimelichukua neno hilo kwa kazi ya kutoa karatasi katika mashine. Programu za mitandao ya kijamii zimelichukua kwa kazi ya kuweka maneno au picha mbele ya watu wote. Kwa hiyo kitufe kile kile, chenye neno lile lile, mahali pamoja huleta karatasi moja mkononi mwa mwenyewe, na mahali pengine huipeleka habari yake kwa watu asiowajua. Msichana anayetaka nakala ya cheti chake asibahatishe kati ya maana hizo mbili. Lugha inalo chapa kwa kazi ya kwanza, na ni fupi zaidi. Lile refu lingeachiwa kazi ya pili.

Lakini sehemu iliyo mbaya kupita zote ni sentensi, na hapa lawama si ya watafsiri peke yao. Programu haitafsiriwi kama kitabu. Mtafsiri hupewa orodha ya vipande maelfu, kila kimoja peke yake, bila kuona dirisha kitakamotokea. Katikati ya kipande huwekwa alama ya nafasi, ambayo baadaye programu itaijaza kwa jina la faili, au idadi, au tarehe. Kwa Kiingereza tundu hilo halidhuru sana, kwa kuwa kitenzi hakijali kama kilichofutwa ni picha, kitabu au wimbo. Kwa Kiswahili kitenzi hakiwezi kufumba macho. Picha 5 zimefutwa, vitabu 5 vimefutwa, majina 5 yamefutwa, watu 5 wamefutwa. Mtafsiri asiyejua ni nini kitakachoingia katika tundu huchagua kiambishi kimoja kwa kubahatisha, na kwa kawaida huwa i- au zi-. Ndivyo kinavyozaliwa Kiswahili kile kisicho na upatanisho ambacho mtoto wa darasa la pili angesahihishiwa.

Waandishi wa programu wakijitetea kwamba hawawezi kuijua ngeli ya kila neno, utetezi huo haukubaliki. Kipande chaweza kuandikwa upya ili jina litangulie na kitenzi kisilifuate: Vilivyofutwa: picha 5. Kwa njia hiyo kiambishi vi- chasimama kwa vitu vyote, kama kinavyosimama katika mazungumzo ya kila siku mtu asemapo vyote vimekwisha pasipo kutaja ni vitu gani. Lugha ilikuwa na mlango wazi. Mtafsiri alipitia dirishani kwa sababu mfano wa Kiingereza ulipitia hapo.

Kosa la aina hiyohiyo ni katika taarifa za kushindwa. Imeshindwa kufungua, husema programu. I- hiyo ni ya nani? Ya programu? Ya mashine? Mtu asiyezoea huamini kwamba kifaa kimeharibika, akakizima, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Kumbe Kiswahili kina kauli iliyoumbwa kwa haja hii hasa, kauli ya kutendeka, isemayo hali ya kitu bila kumtafuta wa kulaumiwa. Faili hili halifunguki. Kadi haisomeki. Karatasi haionekani. Ushahidi kwamba kauli hii yafaa mashine umo mfukoni mwa kila Mtanzania: apigaye simu isiyo hewani huambiwa kwamba mteja hapatikani. Huenda hapana sentensi ya kitekinolojia ya Kiswahili iliyoenea kuliko hiyo. Watu huifanyia mzaha na kuitumia kwa mdaiwa aliyejificha. Imeenea kwa kuwa ni Kiswahili.

Na maswali je? Una uhakika unataka kufuta faili hili, huuliza programu, kwa adabu ambayo si ya Kiswahili. Mtu aliyetumwa dukani haulizwi kama ana uhakika kwamba anataka sukari. Je, lifutwe? Maneno mawili yamekwisha maliza kazi, kwa dhamira tegemezi ambayo ndiyo njia ya lugha ya kuomba amri. Hatari zaidi ni swali lililokanushwa. Programu ikiuliza, Hutaki kuhifadhi mabadiliko?, kisha ikaweka vitufe vya Ndiyo na Hapana, Mswahili huweza kujibu Ndiyo akiwa na maana ya ndiyo, sitaki. Kwa kuwa katika Kiswahili ndiyo huafiki kauli iliyosemwa, si kitendo kinachofikiriwa. Mwingine aliyezoea programu za Kiingereza atabonyeza Ndiyo akitaka kazi yake ihifadhiwe. Wote wawili wamesoma vizuri, na mmoja wao atapoteza barua yake. Vitufe vikiandikwa vitenzi, Hifadhi na Tupa, shaka haipo tena.

Saa nayo yataka kutajwa, maana hapa kompyuta na Kiswahili havijawahi kupatana. Tangazo la mkutano wa kijiji husema saa 3:00 asubuhi, na kila mtu wa Gitting ajua kwamba jua litakuwa limepanda. Kompyuta ikisomewa tarakimu hizo katika kalenda yake huweka kengele ilie usiku wa manane, saa tisa kwa hesabu ya Waswahili, wakati fisi ndio wanaotembea. Hitilafu ni ya saa sita kamili kila mara, jambo lililo jepesi kabisa kwa mashine ya kuhesabu. Lakini Kiswahili cha programu kilichokwisha kutolewa kimetafsiri majina ya siku na miezi kisha kikaiacha saa ya Waswahili nje. Yamkini waliopanga mambo hayo hawakuambiwa kwamba saa ni sehemu ya lugha.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, yafaa kutazama upande wa burudani. Katika vibanda vya video vya Tanzania kumekuwako kwa miaka mingi watu wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, maarufu miongoni mwao akiwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Usimulizi wao haukupitia kamati yoyote, na wasomi wengi wamekuwa wakiudharau. Msimulizi hatafsiri kila neno. Huona tukio zima, hujua waliokaa mbele yake ni akina nani, huongeza maelezo pale ambapo desturi ya kigeni ingewaacha gizani, na huacha yasiyo na haja. Watazamaji hulipa kiingilio, na wasipoelewa huondoka. Sifa hizo tatu, kuona tukio zima, kujua hadhira, na kuadhibiwa upesi kwa kosa, ndizo hasa alizonyimwa mtafsiri wa programu, ambaye huona vipande, hamjui karani wa Hanang, na kosa lake hukaa katika maelfu ya mashine bila mtu kumletea habari. Hapana asemaye kwamba programu za ofisi ziandikwe kwa mbwembwe za kibanda cha video. Lakini mradi wowote wa kutafsiri programu ambao haujawahi kumkalisha msomaji wa kawaida mbele ya mashine, kumtazama anapokwama na kuandika maneno anayoyasema mwenyewe wakati huo, bado haujafanya nusu ya kazi.

Kazi zilizotajwa hapo juu zimepatwa pia na ajali ya wakati. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake mwaka 2014. LibreOffice ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, na maneno yaliyotafsiriwa kwa jasho yakahitaji kulindwa upya katika nyumba mpya. Kila toleo huleta vipande vipya ambavyo visipotafsiriwa hubaki Kiingereza, hata dirisha moja likawa na lugha mbili, nusu kwa nusu, kama shuka lililotiwa kiraka. Fedha za mradi huisha kwa tarehe. Programu haina tarehe ya kwisha. Hili si la kuwalaumu waliojenga. Ni la kuziuliza taasisi za lugha, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoitwa TUKI na ambayo tangu 2009 ni TATAKI, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, kama zahesabu utunzaji wa Kiswahili cha programu kuwa kazi yao ya kila mwaka, kama zilivyohesabu kamusi.

Katika hiyo, kazi iliyo nyepesi kuliko zote ni majina. Orodha ya kata na vijiji vya Tanzania ipo tayari katika nyaraka za serikali. Kuigeuza iwe faili ambayo kisahihishi chochote chaweza kuisoma ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja. Kata za Hanang zote zaenea katika ukurasa mmoja, na za Mbulu katika ukurasa wa pili. Majina ya watu ni magumu zaidi, kwa kuwa hayana orodha ya mwisho, lakini hapo programu ingeweza walau kufundishwa kunyamaza: neno linaloanza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi lisiguswe, wala lisibadilishwe kamwe bila ya idhini ya mwandishi.

Kwa sasa karani hujitegemea. Aweza kuweka lugha ya maandishi yake iwe Kiswahili cha Tanzania, kisha akazima usahihishaji wa papo kwa papo, ambao ndio hasa unaobadilisha majina kwa siri. Aweza kuagiza programu kwamba kila aandikapo herufi tatu alizozichagua mwenyewe, anwani nzima ya ofisi ijiandike, pamoja na Gitting yenye t mbili. Kwa njia hiyo jina huandikwa sawa mara moja na kubaki sawa. Na aweza kubonyeza kitufe cha kulia juu ya kila jina lililopigwa mstari na kuliongeza katika kamusi, Gitting kwanza, kisha Masqaroda, kisha Hirbadaw, mpaka kabla ya chakula cha mchana Hanang yote imekubaliwa. Kamusi hiyo hukaa katika mashine yake peke yake. Mashine ikifa, au karani akihamishwa, mwenziwe ajaye atafungua ukurasa mpya, ataandika anwani, na mstari mwekundu utakuwa pale pale chini ya Gitting.